Maswali ya wasomaji: Kuuza domeni uliyoitunza miaka mingi

Mwaka 2009 nilisajili domeni ya .com, yaani anwani ya tovuti, kwa kazi yangu ya malori kati ya Kasumbalesa na Kolwezi. Ni maneno mawili ya Kifaransa, usafiri na shaba. Malori niliyauza zamani, lakini domeni naendelea kuilipia. Sasa kuna mtu ameniandikia, anatoa dola 800. Nikubali?
*Papa K., Kampemba, Lubumbashi*

Usikubali leo, Papa K., wala usikatae. Mtu aliyekutafuta mwenyewe bila kuitwa ana shida na jina hilo, na bei ya kwanza anayotaja huwa si ya mwisho.

Kwanza weka kando hesabu ya miaka. Kwa dola 15 hivi kila mwaka, umetumia zaidi ya dola 200. Hiyo ni gharama yako tu, mnunuzi haimhusu. Yeye anapima kitu kimoja: akikosa jina hili, atalazimika kutumia lipi? Kwa hiyo fanya uchunguzi wa jioni moja. Tafuta kampuni zote zinazotumia maneno hayo hayo kwa .cd, kwa .net, au kwa kistari katikati. Kila moja ni mnunuzi wa pili unayeweza kumwandikia. Kisha fungua NameBio, hifadhi ya mauzo ya domeni yaliyokwisha kufanyika, uangalie majina ya Kifaransa ya maneno mawili yameuzwa bei gani. Voice.com iliuzwa dola milioni 30 mwaka 2019, lakini lile ni neno moja la Kiingereza linalotumika dunia nzima. Lisikupandishe kichwa.

Mwisho, mpigie simu mtu wa Likasi, umtajie jina mara moja tu, umwombe aliandike. Akiuliza kama kuna «s» mwishoni, jina limepungua thamani, maana wateja nao watakosea vile vile.

Kwa jina la aina yako sisi tungeomba dola 2,500, na moyoni tukajua hatushuki chini ya 1,500. Jibu liwe fupi: «Asante. Domeni inauzwa. Bei ni dola 2,500, inabaki wazi siku 14. Malipo kupitia kampuni ya amana.» (Kampuni ya amana tunaieleza katika jibu la mwisho.) Usieleze kwamba huitumii tena wala kwamba biashara ilifungwa. Maelezo hayo yanamsaidia yeye kukushusha.

Na tarehe ya kuisha? Ikiwa imebaki chini ya miezi mitatu, lipia mwaka mmoja kabla ya mazungumzo. Domeni ya .com ikipitwa na muda wa nyongeza baada ya tarehe ya kuisha, huingia siku 30 za ukombozi ambapo msajili (kampuni unayoilipia domeni) hutoza ada kubwa, kisha siku 5 za kungoja kufutwa, halafu yeyote anaweza kuichukua. Mnunuzi mjanja anaweza kuvuta maneno mpaka siku hizo zifike.

Mnunuzi wangu amekubali dola 6,000 bila kubishana, ila anataka kwanza cheti cha thamani kutoka tovuti fulani. Cheti ni dola 120.
*B.M., Katuba*

Ni wizi. Tovuti ya cheti ni yake au ya mwenzake, na ukishalipa hutamsikia tena. Mnunuzi wa kweli hujipimia mwenyewe. Ukitaka kuhakikisha, mwambie alipe yeye cheti hicho, umrudishie siku ya mauzo.

Domeni ya duka letu ilisajiliwa na kijana aliyetutengenezea tovuti. Kila mwaka tunamtumia pesa ya kuilipia. Mnunuzi amepatikana, na sasa kijana anasema domeni ni yake.
*Mama N., komini ya Kenya*

Mama, pole. Hapa mauzo mengi hufia. Kwa msajili, mwenye domeni ni yule aliyeandikwa kwenye daftari lake, hata kama pesa zilitoka mfukoni mwenu. Na msajili hahukumu ugomvi wa namna hii, atawaambia mkapatane au mwende mahakamani.

Anza na ushahidi: ujumbe wa simu wa malipo ya kila mwaka, mazungumzo ya WhatsApp ambamo kijana anasema «muda wa domeni yenu umekaribia», na fakture yake ya kwanza kama ipo. Halafu kaeni naye, afungue akaunti yake mbele yenu. Someni pamoja jina la mwenye domeni, shirika, barua pepe na tarehe ya kuisha. Kuangalia kwenye lookup.icann.org, tovuti ya ICANN, shirika linalosimamia domeni duniani, peke yake hakutoshi, kwa sababu mara nyingi majina yamefichwa. Barua pepe ndiyo yenye uzito kuliko yote: kila uthibitisho wa kuhamisha unatumwa huko.

Ushauri wetu ni kumpa kijana sehemu ya mauzo kwa maandishi, asilimia 10 kwa mfano, kuliko kugombana naye miezi sita huku mnunuzi akienda zake.

Akikubali, jihadharini na mtego huu. Mkibadilisha jina au barua pepe ya mwenye domeni, kanuni za ICANN zinaweza kuifunga isihamie kwa msajili mwingine kwa siku 60. Mnunuzi amekaa tayari, nanyi mmefunga mlango kwa mikono yenu. Njia ya kupita ni hii: mfungue akaunti kwa msajili yule yule wa kijana, naye aisukume domeni kutoka akaunti yake kwenda yenu. Kisha mnunuzi naye afungue akaunti hapo hapo, mmsukumie. Kwa kawaida kazi ni ya dakika chache au saa chache, na haihitaji namba ya siri ya uhamisho.

Jina langu la .com ni jina la kampuni kubwa ya madini. Niwaombe ngapi?
*T., Ruashi*

Usiwaombe chochote. Tangu 1999 kuna utaratibu wa kuamua ugomvi wa domeni na chapa uitwao UDRP, na mwenye chapa hupeleka mashtaka kwa WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la haki za chapa na ubunifu, Geneva, kwa ada ya dola 1,500 mbele ya mwamuzi mmoja. Barua yako ya kuomba pesa nyingi ndiyo itakayokuwa ushahidi kwamba ulisajili kwa nia mbaya. Utanyang'anywa bila fidia.

Pesa zinifikieje Lubumbashi bila kuibiwa?
*D.L., Kamalondo*

Kwa kampuni ya amana, kama Escrow.com ya Marekani. Mnunuzi anaweka pesa kwao, wao wanakuarifu, unakabidhi domeni, mnunuzi anathibitisha, wanakutumia. Taarifa ya «pesa zimeingia» usiisome kwenye barua pepe. Andika anwani ya kampuni kwa mkono wako kwenye simu, uingie kwenye akaunti, uone huko. Wezi hutengeneza tovuti inayofanana kabisa, yenye kistari au herufi moja ya ziada kwenye anwani. Malipo ya kadi au PayPal moja kwa moja yakatae: yanaweza kurudishwa wiki kadhaa baadaye, na domeni imeshakwenda.

Akaunti ya banki iwe ya dola, na jina liwe lile lile ulilosajili kwenye kampuni ya amana, herufi kwa herufi. Peleka mkataba bankini kabla pesa hazijafika, kwa sababu wataulizia chanzo. Banki inayopitisha pesa katikati nayo hukata ada yake njiani.

Jambo moja wauzaji hulisahau. Kama ulikuwa na barua pepe kwenye domeni hiyo, anayeinunua anaweza kuifungua upya na kupokea kila kinachotumwa huko, pamoja na viungo vya kubadilisha nenosiri la Facebook au la akaunti yako ya banki. Badilisha anwani hiyo kila mahali ulipoitumia, na ufanye hivyo kabla hujakabidhi.