Dada ana lupasi, nimpe unga wa kuongeza kinga?

SWALI: Shikamoo dokta. Dada angu ana lupasi mwaka wa pili sasa, asubuhi vidole vimevimba mpaka chupa ya chai namfungulia mimi. Kliniki wanampa prednisoloni, wanasema inashusha kinga. Jirani kaleta unga wa alfalfa wa kuongeza kinga, anasema kinga ikishuka atakufa na maradhi mengine. Nimpe?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimpe, tena alfalfa ndo kabisa, ina kitu kinaitwa kanavanini kinaweza kuamsha lupasi iliyotulia. Lupasi ni kinga kuushambulia mwili wenyewe, kwa hiyo dada yako kinga anayo, kilicholegea ni breki.

Iko hivi, kwenye damu kuna seli T, yaani askari wa kinga, zinazopigana na kuna seli T zingine kazi yao kuzituliza hizo zenzake, na kinachozifanya ziwe watulizaji ni protini moja inaitwa FOXP3. Miaka ya 1940 kule Oak Ridge, Marekani, walizaliwa panya madume ngozi inatoka magamba, wengu umevimba, wiki chache wamekufa. Mwaka 2001 ndo Mary Brunkow na Fred Ramsdell wakaonyesha kwa panya hao jeni ya hiyo protini imeharibika, na kuna watoto wachanga wa kiume wana hitilafu hiyohiyo, wanapata kisukari, kuhara, ukurutu, yaani kinga inamla mwenyewe. Wao na Shimon Sakaguchi wa Japani, aliyezigundua hizo seli za kutuliza, wamepewa tuzo ya Nobeli 2025, na walistahili jamani.

Breki nyingine ni CTLA-4, inaziba ile ishara inayoisukuma seli T ipigane. Kuna dawa ya saratani, ipilimumabu, inaizuia breki hiyo makusudi ili kinga iushambulie uvimbe, na wagonjwa wengine utumbo wao ndo unaanza kushambuliwa. Sasa fikiria mtu ambaye breki zake tayari hazishiki vizuri halafu unamkanyagia mafuta!

Sisemi FOXP3 ya dada yako imeharibika, lupasi haitokani na jeni moja, ni mambo mengi yanakutana, homoni zikiwemo, ndo maana kwenye wagonjwa 10 kama 9 ni wanawake.

Hofu ya maambukizi ni ya kweli, akipata homa mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Ila prednisoloni asiikatishe ghafla hata akijisikia mzima, maana tezi zilizo juu ya figo zinakuwa zimeacha kutengeneza homoni yake, anaweza kuanguka. Na huo mkebe wa jirani nenda nao kliniki siku ya miadi, uwaonyeshe.