Ua la Madoadoa Likirudi Kijani, Usikimbilie Maji

"Shikamoo dada. Ua langu la madoadoa limeharibika. Nilinunua likiwa pinki tupu, sasa limekuwa kijani, limerefuka na linalala. Namwagilia kila siku asubuhi na jioni. Nitupe?"

Ujumbe huu umenifikia wiki hii kutoka kwa msomaji wa Masasi, pamoja na picha mbili. Marahaba, mdogo wangu. Usitupe. Ua la madoadoa, kwa asiyelijua, ni lile la chungu ambalo uzuri wake uko kwenye majani yenye madoa ya rangi. Nakujibu hadharani kwa sababu swali lako naulizwa na wengi, na kwa sababu picha ya pili imenitonesha kidonda. Chungu kiko pembeni ya kabati la vyombo, dirisha liko upande wa pili wa chumba, na pazia limeshushwa. Pembe kama hiyo ndiyo iliyonichafulia jina hapa mjini Mtwara.

Nilianza kuuza maua kwenye viriba mbele ya nyumba yetu, Chuno. Ndugu wa mume wangu waliona napoteza muda: wenzangu wananunua mikorosho Tandahimba, mimi napanga magugu barazani. Nilinyamaza nikaendelea. Siku moja ofisi fulani ikachukua vyungu vingi vya madoadoa, vya pinki, vyeupe na vyekundu, ikalipa nusu. Niliwaambia waziwazi: viwekeni madirishani. Wao wakavipanga kwenye korido isiyo na dirisha hata moja, taa za umeme juu na kiyoyozi mchana kutwa. Madoa yakafifia, mashina yakarefuka. Nikaitwa. Mbele ya wafanyakazi nikaambiwa nimewauzia majani yaliyopuliziwa rangi, na kwamba rangi imetoka walipomwagilia.

Nusu iliyobaki sijalipwa mpaka leo. Hela nilishaisamehe. Lililoniuma ni neno lile kusambaa hadi sokoni, ikafika mahali mteja anasimama barazani kwangu anasugua jani kwa kidole kabla ya kuuliza bei.

Nilivirudisha vyungu vile nyumbani, nikakata mashina yote yaliyorefuka na kuyaacha mafupi, nikavipanga barazani upande wa mashariki. Machipukizi yakatoka na madoa yake yote, mmea uleule, udongo uleule. Mwezi uliopita mwenye nyumba ya wageni kule Mikindani aliagiza vyungu vya baraza lake lote la mbele, na aliyechagua alichagua kutoka kwenye maua hayo hayo yaliyoitwa bandia. Naandika hili kwa fahari, sitaki kuficha.

Sasa sikiliza sababu. Ua hili, kitaalamu Hypoestes phyllostachya, kwao ni Madagaska, ng'ambo ya bahari kutoka kwa jirani zetu wa Msumbiji. Linapenda joto, unyevu na mwanga uliochujwa na majani ya miti mikubwa. Jani hujitengenezea chakula kwa ile rangi yake ya kijani. Kwenye madoa kijani ni kidogo. Mwanga ukipungua, mmea unaongeza kijani ili usife njaa, madoa yanamezwa, na shina linarefuka kuutafuta mwanga uliko. Kwa hiyo ua lako halijaharibika, mdogo wangu. Lina njaa ya mwanga, nawe unalimwagia maji.

Wanaolifuga kwenye nchi za baridi wanahangaika kulipashia joto chumba na kuweka trei za maji chini ya vyungu ili hewa isikauke. Sisi wa pwani, kuanzia Mikindani mpaka Lindi, joto na unyevu tunavyo bure. Masasi kwenu hewa hukauka zaidi kiangazi, hivyo panga vyungu vyako karibu karibu, na usikiweke chungu mbele ya feni. Zaidi ya hapo, shughulika na mwanga.

Mahali pazuri ni dirisha au baraza linalopata jua la asubuhi mpaka kama saa tatu au saa nne, halafu kivuli chenye mwanga. Jua la mchana hulikunja jani, hulipausha na kuunguza kingo. Na jambo hili watu wengi hawaliangalii: kwetu huku jua linahama. Mwezi wa sita na wa saba hupita upande wa kaskazini, mwezi wa kumi na mbili hupita upande wa kusini. Dirisha lililokuwa na kivuli kizuri wakati wa kusi linaweza kuwa linachoma majani wakati wa kaskazi. Sogeza chungu. Hakikuota mizizi sakafuni.

Ukishalihamisha, kata. Najua unaogopa, wote mnaogopa. Chukua mkasi safi, kata kila shina lililorefuka juu kidogo ya jozi ya majani ya chini. Litachipua pembeni, mahali pa shina moja yatoke mawili. Baada ya hapo uwe unafinya ncha kwa vidole kila unapoona linaanza kunyanyuka, ndivyo linavyokuwa kichaka. Tawi likitoka kijani kitupu huku mengine yana madoa, ling'oe mapema, maana lina nguvu kuliko wenzake na litawafunika.

Maji sasa. Chomeka kidole udongoni mpaka kiungo cha kwanza. Pakavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Pabichi, ondoka. Hakuna ratiba ya asubuhi na jioni. Ua hili likikosa maji linalegea lote kwa pamoja, linatisha, lakini ukilinywesha linasimama tena baada ya saa chache. Hatari ni likilegea wakati udongo umelowa: hapo mizizi inaoza, na kuongeza maji ni kulizika. Litoe kwenye chungu, kata mizizi iliyokuwa kahawia na laini, lipande kwenye udongo mpya. Vijinzi vidogo vyeusi vinavyoruka ukigusa chungu navyo vinakuambia hilohilo, kwa sababu mabuu yake hukaa kwenye udongo usiokauka juu. Acha ukauke.

Udongo wangu ni wa juu, uliochekechwa, samadi iliyooza vizuri, mchanga kidogo na makapi ya mpunga ili maji yapite. Chungu lazima kiwe na tundu. Ile ndoo nzuri ya rangi isiyo na tundu ni kaburi. Na kama maji ya kisima chenu yana chumvi, utaona ukoko mweupe juu ya udongo na ncha za majani zikikauka; kinga maji ya mvua msimu ukifika, mwagilia kwa hayo.

Wadudu nitawapitia haraka. Vidukari hukaa kwenye ncha changa, kidung'ata hujificha kwenye makutano ya jani na shina akiwa amejifunika nta nyeupe, utitiri huja hewa ikikauka na kuacha utando mwembamba chini ya jani. Tenga chungu, osha majani pande zote mbili kwa maji yenye sabuni kidogo, rudia baada ya siku chache. Kidung'ata mguse kwa pamba yenye spiriti.

Unga mweupe juu ya majani ni ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, na hapa nataka nisikike. Sisi watu wa korosho ubwiri tunaujua, na kila nyumba ina mtu mwenye salfa stoo, ile dawa ya unga ya kupulizia mikorosho. Nimeshaona watu wakiipulizia sebuleni, watoto wamekaa palepale. Salfa ya unga inawasha macho na kukera mapafu, kwa hiyo haina kazi ndani ya nyumba. Ng'oa majani yaliyoshikwa, achanisha vyungu hewa ipite, usilowanishe majani jioni. Inatosha.

Ukiona vimaua vidogo vya zambarau, finya vitoe. Likishachanua na kutoa mbegu, ua hili huchoka na kuwa mashina matupu. Hata likitunzwa vizuri halikai na uzuri wake miaka mingi, ndiyo maana mwenye akili huotesha pingili, yaani vipande vya shina, kabla halijazeeka. Wewe unayesoma hapa najua hutaki chungu kimoja tu. Unataka baraza lijae, na kesho uuze. Basi pingili ndizo mtaji wako: kata ncha yenye urefu wa kidole, toa majani ya chini, tia kwenye glasi ya maji dirishani, badilisha maji yakichafuka. Mizizi hutoka baada ya wiki moja au mbili.

Mabaki ya kukata usiyatupe bondeni wala kando ya mto. Kule Queensland, Australia, ua hili lilitoroka bustanini likawa gugu msituni. Nchi yenye joto na mvua kama yetu inaweza kulipa nafasi hiyohiyo. Yakaushe juani kwanza.

Na nyinyi mnaouza, msikubali kumpa mtu chungu kabla ya kumuuliza kitakaa wapi. Muulize dirisha liko upande gani. Akisema "ni pambo tu la korido", muuzie ya plastiki au mwache aende. Ua ni kiumbe hai, lina haki ya kukaa mahali linapoweza kuishi, na jina lako ni kubwa kuliko oda yoyote. Pia pokea hela yote kabla vyungu havijapakiwa. Mwenye nia njema hatachukia.

Mdogo wangu wa Masasi, umeniomba pia pingili za rangi nyeupe. Nitakupa. Nitazifunga kwenye gazeti lililoloweshwa, niziweke kwenye mfuko wa nailoni wenye hewa, nimkabidhi kondakta wa basi la asubuhi akae nazo ndani, maana kwenye buti kuna joto litakalozipika. Zipokee stendi mwenyewe, uzitie kwenye maji siku hiyohiyo. Na kabla basi halijafika, hamisha kile chungu kutoka kwenye kabati.