Jibu kwa dada anayeandika kuhusu mafundi wa milango ya Lamu

Dada, umeuliza kama ulipie lile jarida linaloahidi kuchapisha makala yako kwa siku tatu. Usilipe. Mapitio ya kweli ya wataalamu huchukua wiki kadhaa, mara nyingi miezi. Litafute kwenye DOAJ, orodha ya bure ya majarida huria, yaani yanayosomwa bila malipo, iliyoanza mwaka 2003. Ukilikosa, waandikie wawili watatu waliotajwa kwenye bodi ya wahariri, uwaulize kama kweli wamo. Wengine hutiwa majina bila kujua. Ada peke yake si dalili ya utapeli. Majarida mengi mazuri hutoza, na baadhi husamehe waandishi wa nchi kama yetu wakiomba mapema, kabla ya kuwasilisha makala.

Akili unde kukusafishia Kiingereza ni sawa, mradi useme umeitumia. Marejeleo inayokupa yahakiki moja moja, kwani hubuni vitabu visivyokuwako.

Linalonigusa zaidi ni sauti za wale wazee uliowarekodi. Tafadhali usizipakie kwenye programu ya kunakili mazungumzo kabla hawajaridhia hilo waziwazi. Kibali cha NACOSTI, tume ya Kenya inayotoa vibali vya utafiti, hakikuondolei wajibu huo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawalinda. Makala ikitoka, wapelekee muhtasari kwa Kiswahili, uwasomee pale pale karakanani, maana watafiti wengi huchukua maarifa ya watu wasirudi tena. Nakala nyingine ipeleke Makumbusho ya Lamu, wanafunzi wa hapa waipate.