Ukipanga Safari ya Osaka, Anza na Mahali pa Kulala

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Dar es Salaam alinitumia ratiba ya safari yake ya Japani na kuniomba niipitie. Ilikuwa imepangwa kwa jedwali zuri lenye rangi: siku kumi zinazoanzia Tokyo, zikipitia Osaka, Kyoto na Hiroshima, kisha zikipanda kaskazini hadi Sapporo kabla ya kurudi Tokyo kupanda ndege. Nilimjibu kwa adabu kwamba hiyo ni ratiba ya kifurushi, si ya mtu mwenye miguu. Hakupendezwa. Aliniuliza mimi ni nani hata nimpunguzie miji yake, na kwa kuwa swali la namna hiyo nimewahi kuulizwa na wengine kwa dharau kubwa zaidi, nimeona nilijibu hapa kwa urefu, kwa faida yake na ya wote mnaoitamani safari hii kama nilivyoitamani mimi.

Nilipoanza kutafuta njia ya kwenda Osaka, nilikwenda kwanza kwa wakala mmoja wa safari ambaye sina haja ya kumtaja. Alinisikiliza kidogo, kisha akaniuliza ninakwenda kuagiza gari la aina gani. Nilipomwambia kwamba siagizi gari, bali nakwenda kutembea, alicheka na kumwita mwenzake aje asikie. Kwa watu wengi wa kwetu, Japani ni mahali magari yanapotoka; anayekwenda huko bila kufuata gari, mashine au masomo huonekana ana fedha za kuchezea. Akanishauri niende Dubai nikafanye manunuzi kama wenzangu. Mpaka leo nikipita karibu na ofisi ile moyo unanichoma, na sifichi kwamba huwa natamani kuingia nimwonyeshe pasipoti yangu ilivyogongwa muhuri.

Baada ya siku ile niliamua kupanga kila kitu mwenyewe. Mtanzania mwenye pasipoti ya kawaida anahitaji viza kabla ya kusafiri, na miongoni mwa karatasi anazotakiwa kuziwasilisha Ubalozi wa Japani ni ratiba ya ukaaji wake: tarehe baada ya tarehe, atafanya nini, atalala wapi, na simu ya mahali hapo. Wengi huijaza karatasi hiyo mwishoni, wakiiona ni usumbufu wa kiofisi, na wengine hunakili ya rafiki aliyekwenda zamani. Mimi niliijaza mwanzo kabisa, kabla hata ya kutazama nauli za ndege, na ninaamini ndiyo iliyoiokoa safari yangu, kwa sababu safu ya malazi haikubali ndoto. Kila unapoandika hoteli mpya unalazimika kujiuliza utafika kwa treni gani, saa ngapi, na mizigo itabebwa na nani. Niliandika hoteli moja juu, na chini yake nikaandika "kama hapo juu" hadi mwisho wa karatasi.

Hoteli hiyo niliichagua kwa reli, si kwa picha za vyumba. Osaka ina vitovu viwili vya mjini, kimoja cha kaskazini kinachozunguka Umeda na kingine cha kusini kinachozunguka Namba, na kati yake inapita njia ya treni ya chini ya ardhi iitwayo Midosuji, inayoonyeshwa kwa rangi nyekundu. Njia hiyo moja inakutoa Shin-Osaka zinaposimama treni za kasi, inakupitisha Umeda, Shinsaibashi na Namba, na kukufikisha Tennoji. Ukilala umbali mfupi kwa miguu kutoka stesheni yoyote ya Midosuji, nusu ya maswali ya safari yako yamekwisha kujibiwa. Nilichagua upande wa Namba kwa sababu Uwanja wa Ndege wa Kansai, uliojengwa juu ya kisiwa cha kutengenezwa baharini na kufunguliwa mwaka 1994, una treni za kampuni ya Nankai zinazofika Namba moja kwa moja kwa takriban dakika 40. Nilitua, nikapanda, nikashuka, nikatembea hadi kitandani. Hakuna teksi iliyoniona.

Walioniambia kwamba upande wa Umeda ni wa hadhi zaidi hawakukosea, lakini Umeda humchanganya mgeni. Stesheni ya kampuni ya reli ya JR pale huitwa Osaka, stesheni za kampuni nyingine huitwa Umeda, zote ziko mahali pamoja, na chini yake kuna njia za waenda kwa miguu zenye maduka pande zote ambamo hata wenyeji hupotea. Shin-Osaka ni mahali pengine kabisa, ng'ambo ya Mto Yodo. Kwa hiyo tangazo la hoteli likisema "karibu na stesheni ya Osaka", fungua ramani na uhakikishe ni stesheni ipi na kwa mlango upi. Nasisitiza tena: ramani kwanza, picha baadaye.

Msomaji wangu alikuwa amepanga kununua tiketi ya jumla ya JR, ile inayomruhusu mgeni kupanda treni kwa siku saba, kwa sababu aliyemtangulia alimsifia. Huenda aliyemsifia alisafiri kabla ya Oktoba 2023, wakati bei ilipopanda kutoka yeni 29,650 hadi yeni 50,000. Treni ya kasi kutoka Tokyo hadi Shin-Osaka, njia iliyofunguliwa mwaka 1964, huchukua takriban saa mbili na nusu na nauli yake ni karibu yeni 14,000 kwa safari moja. Piga hesabu mwenyewe: hata ukienda na kurudi, hujafika bei ya tiketi ya jumla. Aidha, tangu mwaka 2020, abiria wa treni hizo mwenye sanduku ambalo urefu, upana na kimo chake vikijumlishwa vinazidi sentimita 160 anatakiwa kuhifadhi mapema kiti chenye nafasi ya mzigo. Sisi ambao hatusafiri bila masanduku makubwa, kwa kuwa kila jamaa ana zawadi yake, tulizingatie hilo kabla ya kupanga kubadilisha mji kila baada ya siku mbili.

Mtu aliyetulia Osaka hapungukiwi kitu. Kyoto iko karibu nusu saa kwa treni ya haraka ya JR isiyo na malipo ya ziada, Nara takriban dakika 40 kutoka Namba kwa treni za kampuni ya Kintetsu, na Kobe ni karibu zaidi ya hapo. Niliziendea zote asubuhi na kurudi jioni nikiwa na mkoba mdogo tu. Kobe nilikwenda siku ya Ijumaa kwa makusudi, kwa sababu msikiti wake, uliojengwa mwaka 1935, ndio wa kwanza nchini Japani, na ulibaki umesimama baada ya mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia na baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 1995. Niliswali humo nikiwa begani kwa bega na watu wa mataifa nisiyoyajua, na nilimkumbuka yule wakala. Hakuna kifurushi chake ambacho kingenifikisha pale.

Katika chakula, Osaka inajivunia kula kuliko mji wowote wa Japani. Mtu wa pwani atajiona nyumbani mbele ya takoyaki, vidonge vya unga vyenye kipande cha pweza ndani, vinavyogeuzwa kwa sindano kwenye karai lenye mashimo kama la vitumbua. Vibanda vyake vimejaa Dotonbori, kandokando ya mfereji, karibu na lile tangazo la taa la mkimbiaji wa kampuni ya peremende ya Glico ambalo toleo lake la kwanza liliwekwa mwaka 1935. Mwislamu, hata hivyo, awe mwangalifu: okonomiyaki ya kawaida, ile chapati nene ya unga na kabichi, huwekwa nyama ya nguruwe, na supu nyingi za tambi hupikwa kwa mifupa yake, hata kama juu ya bakuli unaona mboga tupu. Andaa kwenye simu sentensi ya Kijapani inayosema usichokula, umwonyeshe mhudumu kabla ya kuagiza. Watu wale hawachoki kusoma simu ya mgeni.

Kuhusu Kasri la Osaka, nitasema kidogo. Toyotomi Hideyoshi alianza kulijenga mwaka 1583, lakini mnara unaouona leo ni wa zege, wa mwaka 1931, na ndani yake kuna makumbusho na lifti. Mimi niliridhika na kuta za mawe na mahandaki ya maji yanayouzunguka, ambayo huyalipii chochote.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya watalii havitakuambia, kwa kuwa havikuandikwa kwa ajili yetu. Osaka iko mbele yetu kwa saa sita kamili, na saa zetu za Kiswahili nazo zimepishana na saa za kizungu kwa sita. Kwa hiyo mshale ukionyesha moja mchana kule Osaka, nyumbani ni saa moja asubuhi. Ukionyesha kumi usiku, nyumbani ni saa kumi jioni. Sikuhitaji kufanya hesabu yoyote kabla ya kumpigia mama simu.

Ndugu zangu, tuache kuhesabu miji. Nimeona wenzetu wanaorudi na picha za stesheni sita wasiokumbuka harufu ya hata mtaa mmoja, na bado wanatuuliza sisi tuliokaa mahali pamoja kama fedha zilituishia. Atakayekucheka kwa kukaa atakucheka pia kwa kuzunguka. Wewe chagua kitanda, chagua njia moja ya treni, na mengine uyaache yajipange kuzunguka hayo mawili.

Tarehe zenyewe zichague kwa kukwepa wiki ya mapumziko ya kitaifa inayoanza tarehe 29 Aprili hadi mwanzoni mwa Mei, na ile ya katikati ya Agosti, maana hoteli hupanda bei na treni hujaa. Agosti pia ina joto ambalo hata mtu wa Tanga atalilalamikia. Viza ya kuingia mara moja hudumu miezi mitatu tangu itolewe, kwa hiyo usiiombe mapema mno, na hadi utakapoipata, hifadhi hoteli inayokubali kufutwa bila malipo.