Mgonjwa wa pumu, muulize na pua

Wadogo zangu mliopangiwa vituo vya afya vya Newala, Tandahimba, Masasi au Ruangwa, msimu wa kupulizia mikorosho una wagonjwa wake. Kati ya Juni na Septemba unga wa salfa unaopigwa kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, hubebwa na upepo, hata asiye na shamba anauvuta. Watakuja wanaokohoa usiku, kifua kinapiga mluzi. Wapeni dawa ya kuvuta, wanaihitaji. Lakini mgonjwa asiinuke kabla hujamuuliza: "Mama, na pua je?"

Yeye mwenyewe hataitaja. Kwake mafua si ugonjwa wa kumpeleka hospitali, hivyo atasimulia kifua tu huku akipangusa pua kwa ncha ya kanga. Muulize mambo anayoyaona: Asubuhi unapiga chafya mfululizo? Macho yanawasha? Unalala mdomo wazi? Haya mafua yana wiki ngapi, na homa hakuna? Wengi wenye pumu wana mafua ya mzio (aleji) pia, na mwenye mafua ya mzio yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupata pumu.

Utando wa puani unaendelea hadi kwenye mirija ya mapafu. Pua huchuja hewa, huipasha joto na kuilowesha. Ikiziba, hewa kavu yenye vumbi hupitia mdomoni. Tena si hilo tu. Mwaka 2001 watafiti wa Rotterdam, Uholanzi, waliwawekea chavua ya nyasi, puani tu, watu wenye mafua ya mzio wasio na pumu. Baada ya saa 24 dalili za uvimbe zilionekana hadi kwenye mirija ya mapafu. Ndiyo maana kutibu kifua na kuiacha pua naona ni kazi nusu.

Dawa ya steroidi, yaani ya kupunguza uvimbe, ya kupuliza puani haichukui nafasi ya ile ya kifua, na haifanyi kazi kwa siku moja. Msimpe mtu chupa na maneno matupu, mwonesheni: kichwa kiiname kidogo mbele, ncha ielekee upande wa nje wa pua. Akiielekeza kwenye ukuta wa kati, pua itatoka damu na dawa ataiacha. Mwenye pumu asishike blowa, mashine ya kupulizia unga, shambani. Kazi hiyo apewe mwingine nyumbani, naye akae mbali mpaka unga utulie.

Halafu chukueni tochi, mchungulie ndani ya pua. Mkiona vinyama, ulizeni kama aliwahi kubanwa kifua baada ya kumeza dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni au diklofenaki. Akisema ndiyo, msimwandikie hata moja kati ya hizo, na mliandike jambo hilo kwa herufi kubwa kwenye daftari lake, maana siku mgongo ukimuuma baada ya palizi ataenda moja kwa moja duka la dawa.