Nyanya zina vumbi jeupe: nizipike au nizitupe?

Nyanya za gengeni kwetu zina vumbi jeupe, nyingine la kibuluu. Nikizichemsha sumu inakufa? (Mama lishe, Morogoro)

Usizitupe, ila usizipike na vumbi lake. Mara nyingi hiyo ni dawa ya ukungu, na inayotumika sana kwenye nyanya ni mankozebu. Kuchemsha hakuiui. Ikipata moto hugeuka kuwa kemikali nyingine iitwayo ETU, nayo huzuia tezi ya shingoni, yaani thairoidi, kutengeneza homoni zake. Homoni hizo ndizo zinazoongoza mapigo ya moyo, joto la mwili na ukuaji wa ubongo wa mtoto. Mwishoni mwa 2020 Umoja wa Ulaya ulikataa kuiongezea mankozebu kibali, kwa sababu ya madhara yake kwa homoni na uzazi. Kwetu bado ipo kwenye maduka ya pembejeo.

Nafuu ni kwamba mankozebu hubaki zaidi juu ya ganda. Osha nyanya moja moja kwa maji yanayotiririka, sugua kwa vidole, hasa penye kikonyo. Fanya hivyo kabla ya kisu na kabla ya sufuria.

Nina mimba changa. Niache mboga za majani? (Dodoma)

Hapana, mama, usiache. Mtoto anahitaji foleti, vitamini iliyomo kwenye mchicha, ili uti wa mgongo ujiunge vizuri. Hofu yako ina msingi, maana miezi ya mwanzo mtoto hutegemea homoni za thairoidi za mama yake. Kule Kosta Rika, Amerika ya Kati, wajawazito wanaoishi jirani na mashamba ya ndizi yanayonyunyiziwa mankozebu kwa ndege walipimwa mkojo wakakutwa na ETU nyingi. Kwa hiyo osha mboga vizuri, tumia chumvi yenye madini joto, na usikaribie shamba siku ya kupiga dawa. Nguo za aliyebeba bomba la dawa zifuliwe peke yake, na asizifue mjamzito.

Chumvi, siki au baikaboneti: kipi kinatoa dawa? (Nairobi)

Watafiti wa Massachusetts, Marekani, mwaka 2017 waliloweka matufaa kwenye maji ya baikaboneti (baking soda) kwa dakika 12 hadi 15. Dawa mbili walizopima zilitoka kwenye ganda vizuri kuliko kwa maji matupu. Iliyokwisha kupenya ndani haikutoka. Hapo suluhisho ni kumenya tu.

Nilipiga dawa jana, leo dalali yuko shambani na tenga zake. Nimuuzie? (Mkulima, Iringa)

Usimuuzie. Najua bei haisubiri, lakini kibandiko cha dawa kimeandika siku za kungoja kabla ya kuvuna, na siku hizo ndizo kinga kubwa ya mlaji kuliko kuosha kokote. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ulipokaza upimaji wa maharage mabichi ya Kenya, wauzaji nje walilazimika kuwabana wakulima wao. Nyanya anayokula mtoto wa Iringa inastahili kupimwa kwa ukali uleule, na mamlaka zetu zidaiwe hilo kila msimu.

Wewe anza kwa kupanga ratiba upya: vuna kwanza, kisha piga dawa jioni ileile, ili siku za kungoja ziishe kabla ya mchumo unaofuata. Na kama siku hizo ni nyingi kuliko nafasi kati ya mchumo na mchumo, muulize bwana shamba dawa iliyosajiliwa yenye siku chache.