Kikundi chetu kipate vipi makao ya kudumu katika nyumba ya Mji Mkongwe, Zanzibar?

Mdogo wangu, umesema mnafanyia mazoezi ya ngoma kwenye nyumba ya zamani pale Malindi kwa ruhusa ya mdomo ya mzee mmoja, na sasa mnataka kukusanya pesa mkarabati. Msitoe hata shilingi kwanza.

Ulizeni nyumba ni ya nani hasa. Mji Mkongwe una nyumba za serikali, za wakfu (zilizotolewa kwa ajili ya dini au hisani) na za urithi. Ikiwa ni ya wakfu, mlango wa kugonga ni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na mzee hana uwezo wa kuwapa. Ikiwa ni ya urithi, warithi wote watie saini. Yule mmoja asiyetia saini, aliyeko mbali Muscat, ndiye atakayekuja kuwatoa. Kikundi kiwe kimesajiliwa, mkataba wa kupanga uandikwe kwa jina lake, wa miaka mingi, useme gharama za matengenezo zinakatwa vipi kwenye kodi ya nyumba.

Ukarabati unahitaji kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe, na mji huu ni Urithi wa Dunia tangu 2000. Na saruji acheni kabisa! Kuta za mawe ya matumbawe hupumua kwa chokaa. Ukizipiga saruji unyevu unabaki ndani na boriti zinaoza vichwani. Mwiteni fundi wa chokaa akague dari kabla hamjaruka ngoma juu. Beit el Ajaib, lile jumba la kale la sultani hapo hapo mjini, iliporomoka sehemu mwaka 2020, ikaua watu.

Kwa sasa chezeni ghorofa ya chini.